Anayeuza ‘kompyuta ya gemu’ aandike na wati za pawasaplai

NDUGU Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na watu wawili wa hapa Tanga: kijana aliyejikusanyia laki saba au nane akitaka kompyuta ya kuchezea gemu nyumbani, na mfanyabiashara anayemuuzia. Tangazo la mfanyabiashara tunalijua: “Core i7, RAM 16, ya gemu, taa zinawaka, njoo na hela.” Uongo ndani yake haumo. Ila limeacha nje mambo manne yanayoamua kama mashine itacheza au itabaki pambo la mezani: kizazi cha prosesa (ubongo wa kompyuta), ukubwa wa kasha, wati za pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani) na jina kamili la kadi ya picha.

Nianze na hiyo Core i7, prosesa ya kampuni ya Intel, maana ndiyo chambo. Neno i7 peke yake ni kama kusema gari ni Toyota. Tazama namba inayofuata, ondoa tarakimu tatu za mwisho, kinachobaki ndicho kizazi: i7-2600 ni ya kizazi cha pili, i5-4590 cha nne, i5-8500 cha nane, i3-12100 cha kumi na mbili. Ile i7-2600 ilitoka mwaka 2011, na i3-12100 mwaka 2022. Zote zina kori nne (vitengo vinavyofanya kazi ndani ya prosesa) na nyuzi nane, na bado hiyo i3 inayodharauliwa inaiacha i7 mbali, kwa sababu kila kori yake hufanya kazi kubwa zaidi kwa muda uleule.

Kwa gemu, kizazi cha pili na cha tatu viachwe dukani hata vikiuzwa kwa bei ya mchicha. Havina amri za AVX2, ambazo Intel ilianza kuziweka kwenye kizazi cha nne mwaka 2013, na zipo gemu za miaka ya karibuni ambazo zisipoikuta AVX2 hazifunguki kabisa. Hapo hata ukiongeza RAM haisaidii.

Kizazi cha nne, kwa mfano i5-4590 au i7-4790, bado kina uhai. GTA V, ambayo ndiyo inayoulizwa zaidi, watengenezaji wake waliipendekezea i5-3470, RAM ya GB 8 na kadi ya GTX 660. Hivyo mashine ya kizazi cha nne inaimudu. Kasoro yake iko kwenye Windows. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi wa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane, ikitaka na TPM 2.0, kipengele cha usalama. Mjuzi wa kuipachika kwa nguvu kwenye mashine ya zamani hakosekani mtaani, na itaingia. Lakini gemu ya Valorant ndani ya Windows 11 hudai TPM 2.0 na kile kipengele cha BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) kinachoandikwa Secure Boot. Isipoviona, inamtoa mchezaji nje.

Ndiyo maana anayeweza kuongeza kidogo nampeleka kizazi cha nane moja kwa moja. Atafute Dell OptiPlex 3060, 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4, au Lenovo ThinkCentre M720. Hizi ni kompyuta za ofisini zilizotumika zikauzwa mtumba, na ndani yake mara nyingi mna i5-8400 au i5-8500 yenye kori sita, inayotumia RAM ya DDR4. TPM ipo, ila huenda imezimwa: ingia BIOS, tafuta PTT au TPM, washa. Watu wamerudisha mashine nzima kwa muuzaji kwa sababu ya swichi hiyo moja.

Sasa kasha, na hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Jina moja la kompyuta huuzwa kwa maumbo matatu. Lile kubwa la kusimama huandikwa MT, au TWR kwa HP. Jembamba huandikwa SFF. Lile la ukubwa wa kitabu huitwa Micro, Mini au Tiny. Hilo la mwisho kwa kawaida halina mahali pa kuchomeka kadi ya picha. Likiuzwa kwa jina la gemu, muuzaji ama hajui au anajua sana. Jembamba lina tundu, ila hupokea kadi fupi tu yenye kibati cha nusu kimo, na kadi hizo ni adimu na bei yake iko juu kuliko ndugu yake mrefu mwenye nguvu ileile. Jembamba likiwa rahisi kwa elfu hamsini, elfu hamsini hiyo utailipa kwenye kadi, na zaidi. Nunua MT.

Pawasaplai ndiyo jambo ambalo matangazo hayalitaji kabisa. OptiPlex 9020 MT ina saplai ya wati 290, na 7060 MT ina ya wati 260. Ni saplai nzuri, za kweli, lakini zimepimwa kwa kazi ya ofisi: kwa kawaida hazina waya wa pini 6 wala 8 wa kulisha kadi ya picha. Kwa hiyo kadi ijilishe kutoka kwenye tundu la mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na tundu hilo kikomo chake ni wati 75. Piga hesabu ya 7060: prosesa wati 65, kadi 75, mazabodi na RAM na diski na feni tukadirie 40, jumla 180. Ndani ya 260 inakaa kwa raha. Ukilazimisha RX 580, ambayo peke yake hula wati 185 hivi, jumla inafika 290, na hapo hata waya wa kuilishia huna.

Kuna dawa ya mtaani ya tatizo hilo: kiunganishi cha bei chee kinachotoa umeme kwenye waya wa diski ya SATA na kuupeleka kwenye pini 6 za kadi. Tafadhali, asikitumie mtu. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ya ampea 1.5, yaani ampea 4.5, yaani wati 54. Tundu la pini 6 la kadi lina haki ya kuvuta wati 75. Pini huchemka, plastiki inayeyuka, na kwenye kasha lenye vumbi moshi unaweza kuwa moto. Harufu ya plastiki mbichi inayoungua ukiisikia wakati wa kucheza, zima ukutani kwanza, kuhifadhi gemu baadaye.

Kadi zinazoishi ndani ya wati 75 zinajulikana. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye GB 4, ndiyo ya wengi. GTX 1650 ya mwaka 2019 ina GB 4 pia na inaizidi wazi. RX 6400 ya mwaka 2022 hula wati 53 tu, ila ina mtego: hutumia njia nne tu za tundu la mazabodi. Kwenye mashine mpya zenye tundu la kadi la PCIe 4.0 njia nne zinatosha. Kwenye mashine zetu za kizazi cha nne au cha nane, ambazo ni PCIe 3.0, upana unabaki nusu, na gemu inayojaza GB 4 za kadi huanza kushtukashtuka. Ikiwa bei ni sawa, chukua 1650. Na itazame ukingoni kabla ya kulipa, kwa maana viwanda vingine vilitengeneza 1650 na hata 1050 Ti zenye tundu la pini 6, na hizo kwenye kompyuta ya ofisi ni mzigo bure.

Bandia zipo nyingi upande huu. Inachukuliwa chipu ya zamani, kama GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya mwaka 2011, inaandikwa upya programu yake ya ndani ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inadanganyika, mnunuzi anafurahi, gemu ya kwanza inagoma. Dalili ya macho ni tundu la bluu la VGA: chipu ya 1050 Ti haitoi picha ya VGA, hivyo ukiliona, shuku. Dalili ya uhakika ni programu ya bure ya GPU-Z, ambayo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani. Ukiwa hapohapo, omba waendeshe FurMark, programu inayoichosha kadi makusudi, kwa dakika 15. Kadi iliyochoshwa na kuchimba sarafu za mtandaoni haifichi siri dakika zote hizo: feni italia, skrini itatoa madoadoa na mistari ya rangi, au mashine itazima. Muuzaji anayekataa dakika 15 keshakupa jibu. Anayeuza kwa simu tu, waja leo waondoka leo, mpe mkono wa kwaheri.

Kuhusu mgawo wa fedha, tuchukue laki nane bila skrini. Ningeweka kikomo hivi: mashine ya kizazi cha nane ya MT isizidi 370,000; kadi 230,000; kijiti cha pili cha RAM 60,000; SSD, yaani diski ya kasi, 70,000; stabilaiza ya umeme 50,000; na 20,000 ya vidogovidogo. Huu ni mgawo wa mfuko, si bei za duka. Bei ya Kariakoo ya asubuhi si ya jioni. Ukipata mashine yenye GB 16 tayari, chukua hata kwa kuongeza kidogo, kwa sababu tangu mwishoni mwa mwaka 2025 RAM mpya imepanda bei duniani, viwanda vikikimbilia kuvihudumia vituo vya akili mnemba. Kilichoathirika zaidi katika mgawo huu ni elfu sitini ya RAM, na huenda isitoshe. Kisichopunguzwa ni stabilaiza. Asiyekuwa na laki nane anunue mashine kwanza, acheze gemu nyepesi kwa picha za ndani ya prosesa, kadi ije baada ya miezi mitatu. Kinyume chake, yaani kununua mashine mbovu ili hela ibaki ya kadi kubwa, hakufai.

RAM iwe vijiti viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha GB 16. Kijiti kimoja cha DDR4 cha kasi ya 3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili, kila kimoja kwenye njia yake, hupitisha 51.2. Kwa mwenye kadi ya picha tofauti huonekana kidogo, kwa asiye na kadi ni usiku na mchana, kwa kuwa picha za ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yake, huazima hiyohiyo RAM.

Hilo linanileta kwa wale wanaotaka kuunda upya kutoka mwanzo. Njia ya maana kwa mfuko mdogo ni prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021: kori sita, nyuzi kumi na mbili, wati 65, na picha za ndani zinazoweza gemu nyingi kwa mpangilio wa chini. Unaanza bila kadi, unaiongeza baadaye. Angalia mambo mawili. Mazabodi ya B450 iliyokaa stoo muda mrefu huenda ina BIOS ya zamani isiyoijua prosesa hii. Feni zitazunguka, picha haitakuja, na watu watakuambia prosesa imeungua. Mwombe muuzaji aiboreshe BIOS kabla hujaondoka. La pili, usiichanganye na 5600 isiyo na herufi G, wala na i3-12100F: hizo hazina picha za ndani, bila kadi skrini inabaki nyeusi daima.

Anayeunda upya ndiye anayekutana na pawasaplai za bure zinazokuja na makasha ya taa za rangi. Zimeandikwa 500 kwa herufi kubwa. Soma jedwali dogo pembeni, safu ya 12V: ukikuta 18A, zidisha, ni wati 216, na prosesa na kadi hulishwa kwa hizo volti 12. Iliyobaki ni wino. Nunua saplai yenye jina, yenye alama ya 80 Plus, ya wati 450 au 550, hata kama kasha litakuwa la bati bovu lisilo na taa. Na kwenye saplai yoyote ya mtumba tazama nyuma: zipo zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230. Iliyotoka Marekani huwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa volti 230, utasikia mlio mmoja tu.

Kufunga si kazi ya uchawi. Kwa kompyuta ya ofisi: zima, chomoa waya wa ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu. Toa kibati cha nyuma, shindilia kadi mpaka klipu ya tundu ilie, kaza skrubu. Kadi ambayo haikukazwa skrubu hulala upande ikavunja tundu polepole. Kisha chomeka waya wa skrini kwenye kadi, si kwenye tundu la mazabodi. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini malalamiko mengi ya “kadi mpya haina nguvu” huishia hapo: mchezaji ameweka kadi, waya wa skrini ameuacha palepale pa zamani.

Kwa anayeunda upya, iwashe mazabodi kwanza nje ya kasha, juu ya boksi lake la karatasi, ikiwa na prosesa, feni yake na kijiti kimoja cha RAM. Pembetatu ndogo kwenye prosesa ikae juu ya pembetatu ya soketi, iingie yenyewe bila kusukumwa. Pesti ya prosesa, inayopitisha joto kwenda kwenye feni, ni tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati, basi. Ikizidi itatapakaa hadi kwenye soketi. Ndani ya kasha hesabu vile vijiguu vya shaba vinavyoinua mazabodi: kila kimoja kikae chini ya tundu la skrubu, kwa sababu kijiguu kilichobaki mahali pasipo na tundu hugusa njia za umeme mgongoni mwa mazabodi na kuleta shoti. Vijiti viwili vya RAM huwekwa tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Feni zikizunguka bila picha, mtuhumiwa wa kwanza ni ule waya wa pini 8 wa prosesa juu kushoto, unaosahaulika kwa kuwa umejificha. Wa pili ni RAM ambayo klipu zake hazikufunga.

Neno kwa wanaotaka kuhamisha matumbo ya OptiPlex kwenda kwenye kasha la vioo na taa: msihangaike. Plagi za mbele na za feni za Dell si za kawaida, 9020 hata plagi yake ya saplai ni pini 8 badala ya 24. Utaishia na mashine inayodai ubonyeze F1 kila asubuhi kwa kuwa haioni feni yake.

Sasa hewa ya Tanga, ambayo mafunzo ya mtandaoni kutoka nchi za baridi hayaijui. Anayekaa Raskazone, au popote upepo wa bahari unapoingia dirishani, ana chumvi ndani ya kasha lake. Chumvi hunyonya unyevu hewani, hasa wakati wa masika, na vumbi lililokaa juu ya mazabodi hugeuka tope jembamba linalopitisha umeme na kula shaba. Ndiyo sababu mashine iliyokuwa nzima juzi leo inawaka na kuzima. Mara nyingi si RAM iliyokufa, ni meno yake ya dhahabu yaliyofunikwa utando. Yasugue kwa raba nyeupe ya kufutia penseli, futa kwa kitambaa chenye spiriti safi isiyo na maji mengi, acha yakauke, rudisha. Fanya vivyo kwenye meno ya kadi ya picha. Usifungue ubavu wa kasha ukidhani unaipa hewa: unaongeza chumvi, na unawakaribisha mjusi na mende. Mjusi akiingia kwenye saplai hufa yeye na saplai.

Joto la kaskazi nalo lina hesabu yake. Feni hupoza kwa hewa ya chumbani. Chumba kikiwa nyuzi 32, huwezi kupata yale ya wenzetu wa chumba cha nyuzi 20. Mashine ya mtumba ya miaka saba au kumi pesti yake imekauka kama chokaa, hivyo badilisha siku ileile unayoinunua. Tumia programu ya HWiNFO kutazama joto wakati gemu inaendelea: prosesa ikikaa chini ya nyuzi 85, lala usingizi, ikigonga 100 inajipunguza kasi yenyewe, na gemu inaanza kukwama baada ya dakika kumi za raha. Acha shubiri moja kati ya mgongo wa kasha na ukuta. Wakati umefungua, badilisha na betri ndogo ya CR2032. Ikifa, saa inarudi miaka ya nyuma, tovuti zinakataa kufunguka, na mtu anadhani ana virusi.

Umeme. Stabilaiza ya VA 1000 inatosha mashine hizi na skrini yake. Umeme ukikatika, zima kwenye swichi ya ukutani, na ukirudi subiri dakika tano, maana hurudi kwa kishindo. UPS, kifaa cha umeme wa dharura, ya VA 650 ina betri ya volti 12 na Ah 7, sawa na wati-saa 84. Msitegemee kumaliza mechi, ni ya kuhifadhi na kuzima. Ukigusa kasha ukahisi kama linakuwasha vidole, nyumba haina waya wa athi au umekatika, mwite fundi umeme kabla ya fundi kompyuta. Na kwa mwenye Luku: mashine hii na skrini, ikichezwa saa tatu kila siku, hula uniti 20 hivi kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye daraja la watumiaji wadogo, lenye kikomo cha uniti 75, inaweza kuvuka kwa sababu ya gemu tu. Mzee mwenye nyumba aambiwe mapema.

Gemu zenyewe ni nzito. EA Sports FC 24, kwa mfano, hudai nafasi ya GB 100, na bando hilo ni hela nyingi. Tangu mwaka 2023 Steam, duka la gemu la mtandaoni, ina uwezo wa kuhamisha gemu kutoka kompyuta hadi kompyuta zilizo kwenye raota moja, bila kupitia intaneti. Anayeishi jirani na mwenye gemu abebe mashine yake, akomboe bando. SSD ya GB 256 itajaa kwa gemu moja au mbili. Ile hadidiski ya zamani iliyokuja na mashine iache ndani, iwe ghala. SSD za bei ya kustaajabisha zinazodai TB 2, zipime kwa programu ya H2testw, inayojaza diski yote na kuisoma tena. Huchukua saa kadhaa, lakini diski ya uongo hushikwa.

Wanaoagiza Dar es Salaam wamwambie muuzaji ang’oe kadi ya picha kabla ya kupakia. Kutoka stendi ya Magufuli hadi Kange, stendi ya Tanga, kupitia Chalinze na Segera, ni kilomita zaidi ya 300 za kuruka matuta ndani ya buti la basi, na kadi nzito iliyobaki kwenye tundu hufika ikiwa imelipasua. Isafiri peke yake katika ule mfuko wa kijivu unaozuia umeme tuli, si rambo, na juu yake nguo au sponji. Kabla ya kusaini kifurushi, tikisa kasha taratibu. Kikigonga kitu ndani, fungua palepale mbele ya karani.

Ombi langu kwa wafanyabiashara wa Tanga ni karatasi moja ya kubandika juu ya kila mashine, mwandiko wa mkono unatosha: “OptiPlex 7060 MT. i5-8500. RAM DDR4, vijiti viwili vya 8. SSD 256, imepimwa. Kadi GTX 1650 GB 4, haina pini 6, GPU-Z imeonwa. Saplai W 260. TPM imewashwa. Pesti mpya. Unaruhusiwa kuijaribu dakika 15.”

Fundi kompyuta,
Ngamiani, Tanga